Mdogo wangu kakamatwa na kete mbili, je makosa ya dawa za kulevya yatolewe kwenye jinai?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume kakamatwa na kete mbili za unga, anatumia kama miaka mitatu sasa. Mzee anasema aachwe huko huko akanyooke, mama yeye analia tu. Nimesikia kuna nchi hazifungi tena watumiaji. Wewe uliyezoea kesi hizi unaonaje, makosa ya dawa yafutwe kwenye jinai au tutakuwa tumefungulia mbwa?

JIBU: Pole sana dada, na mpe pole mama. Nakujibu moja kwa moja halafu ndo nieleze, manake hapo umeuliza maswali kama matatu kwa mpigo. Mtu anayetumia asifungwe na asiwekewe rekodi ya jinai kwa sababu ya kutumia tu, hapo mimi sina mjadala. Anayefanya biashara abaki mahakamani. Ila nchi ikiwatoa watumiaji mahakamani kabla haijaandaa mahali pa kuwapokea, hiyo sheria itaoza mikononi mwao na wananchi wenyewe watadai jela irudi, na hapa sibashiri, limeshatokea, nitakusimulia.

Kwanza tuelewane, kuondoa jinai sio kuruhusu. Unga unabaki haramu, polisi akikukuta nao anauchukua, unaweza kupigwa faini au kuitwa mbele ya kamati, ni kama aliyeendesha gari bila kufunga mkanda, kosa lipo ila hatoki pale akiitwa mhalifu. Kuhalalisha ni habari nyingine kabisa, hapo serikali inatoa leseni na kukusanya kodi, Uruguay walifanya hivyo kwa bangi 2013, Canada wakafuata 2018. Halafu kuna mtindo wa Waholanzi wa kufumba macho, tangu 1976, bangi imo kwenye sheria ila mwendesha mashtaka haigusi ikiwa kidogo, siku hizi ni gramu 5, na kuna maduka yanauza mchana kweupe. Kichekesho ni kwamba duka linauza mlango wa mbele bila shida huku mzigo unaingia mlango wa nyuma kutoka kwa watu ambao kisheria ni wahalifu, wamekaa na fumbo hilo miaka na miaka ndo juzi juzi wameanza majaribio ya mashamba yenye kibali. Mimi hapa naongelea hiyo ya kwanza tu.

Nchi ambayo kila mtu anaitaja ni Ureno, na kila mtu anaitaja nusu nusu. Miaka ya 1990 heroini iliwatafuna vibaya, walikadiria karibu mtu 1 kati ya kila 100 alikuwa ameguswa na huo unga, na maambukizi ya ukimwi kwa wanaojidunga sindano yalikuwa ya kutisha kuliko sehemu nyingi za Ulaya. Sheria ikapitishwa 2000 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2001, na haikuchagua dawa, bangi, kokeini, heroini, zote. Ukikutwa na kiasi cha matumizi ya siku 10, yaani heroini gramu 1, kokeini gramu 2, bangi gramu 25, hupelekwi mahakamani. Polisi anachukua mzigo, anaandika karatasi, na ndani ya saa 72 unatakiwa ufike mbele ya kamati ya watu watatu, mmoja wa mambo ya sheria na wengine wa afya au ustawi wa jamii, na kamati iko upande wa wizara ya afya. Hakuna joho wala kizimba, mnakaa mnaongea, wanataka kujua kama wewe ni mtu wa kujaribu jaribu au umeshanasa. Kama ni mara ya kwanza na hujanasa faili linasimamishwa unaenda zako. Kama umenasa na unakubali matibabu, linasimamishwa pia. Kuna kitu kimoja kwenye sheria hiyo nakipenda sana, teja hapigwi faini ya pesa, na ukifikiria utaona akili yake, ukimpiga faini mtu mwenye arosto, yaani anayeteseka kwa kukosa dawa, unadhani hela ataitoa wapi?

Matokeo yake, maambukizi mapya ya ukimwi kwa watumiaji wa dawa yalitoka zaidi ya 1,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi kubaki makumi tu. Vifo vya kuzidisha dozi vimekaa chini ukilinganisha na nchi nyingi za Ulaya magharibi, na magereza yakapungua watu wa kesi za dawa. Sasa hapa ndo wapenzi wa hoja hii wanapokosea, wanasema eti Ureno walifuta jinai mambo yakanyooka. Hapana bwana. Zaidi ya kufuta jinai waliweka methadoni, yaani dawa ya hospitali inayotuliza arosto ya heroini, tena nyingine ikizunguka kwenye magari mpaka walipo watu, waligawa sindano safi, waliajiri wahudumu wa kutembea mitaani, walifungua vitanda vya kuondolea sumu, na João Goulão, daktari ambaye ni mmoja wa wasanifu wa mpango ule, kwa miaka mingi amekuwa akirudia kwamba sheria peke yake isingetosha. Ushahidi wa hilo ni wa Ureno hao hao. Mgogoro wa uchumi ulipowabana wakakata bajeti, 2012 taasisi iliyokuwa inasimamia matibabu na kinga ikavunjwa, kazi zikatawanywa mikoani, na miaka ya karibuni wakazi wa miji kama Porto wakaanza kulalamika watu wanajidunga hadharani na foleni za matibabu ni ndefu. Jinai ilikuwa bado imefutwa, kilichopungua ni hela na mikono ya kazi.

Na ukitaka kuona kufuta jinai bila mapokezi kunafananaje, nenda Oregon, Marekani. Novemba 2020 wananchi walipiga kura, asilimia 58 wakasema ndiyo, na tarehe 1 Februari 2021 ikaanza. Kwenye karatasi ilipendeza, ukikutwa na dawa kidogo unaandikiwa faini ya dola 100, na ukipiga simu namba fulani ukafanyiwa tathmini ya afya faini inafutwa. Basi jiweke kwenye nafasi ya yule jamaa aliyekaa chini ya daraja, ana stimu au ana arosto, kaandikiwa kikaratasi na polisi, atapiga simu? Wengi hawakupiga wala hawakulipa, na kutolipa hakukuwa na matokeo yoyote. Hela za matibabu, zilizotoka kwenye kodi ya bangi, zilichelewa, nyingi zilianza kufika 2022, yaani mlango wa jela ulishafungwa na wa kliniki haujafunguliwa, watu wakabaki barabarani. Juu ya hapo fentanili, dawa ya jamii ya heroini ila kali kuliko heroini, ikaingia kipindi hicho hicho na vifo vikapanda. Tuwe wakweli, tafiti zilizokuja kuitenganisha fentanili na sheria hazikuona kwamba sheria ndo iliyoua, ila mwananchi anayeruka watu waliolala mlangoni kwake hasomi tafiti. Septemba 2024 kukutwa na dawa kukarudi kuwa kosa la jinai, unaweza kukaa ndani hadi siku 180.

Jimbo la British Columbia kule Canada nao walianza Januari 2023, mwisho gramu 2.5, na Mei 2024 wakalazimika kurudisha katazo la kutumia hadharani kwa sababu ya malalamiko ya hospitalini, kwenye mabasi na kwenye bustani za watoto. Hili watu wa upande wangu hawapendi kuliongelea. Kuacha kumfunga mtu kwa kutumia hakumaanishi ajidungie kwenye kituo cha basi, mbona pombe ni halali na sehemu nyingi huruhusiwi kunywea popote unapotaka? Ukitunga sheria ya kufuta jinai ukasahau maeneo ya umma, umeiua mwenyewe.

Sasa nije kwenye eneo langu, manake hapo juu hata mwandishi wa habari angekuandikia. Sheria hizi zinaishi au kufa kwenye mizani. Wanasiasa wanabishana kama mtumiaji ni mgonjwa au mhalifu, wakati kinachoamua kesi ni namba ya gramu iliyoandikwa kwenye jedwali na jinsi mzigo ulivyopimwa. Mexico 2009 walitangaza kwamba hawatashtaki wanaokutwa na kidogo, dunia ikapiga makofi, halafu ukisoma jedwali unakuta heroini ni miligramu 50 na kokeini ni nusu gramu. Miligramu 50! Mtumiaji mzoefu anamaliza hiyo kabla ya chai. Kwahiyo mtu aliyebeba dozi yake ya siku akawa tayari amevuka mstari na kutazamwa kama muuzaji, sheria ya huruma ikageuka kuwa mtego.

Halafu kuna kinachopimwa chenyewe. Kete haina unga mtupu, ina vilivyochanganywa humo, na wakati mwingine inawekwa kwenye mizani na karatasi yake. Kuna kesi ya Marekani ya 1991, Chapman, huwa nawapa vijana wanaoanza kazi waisome. Jamaa waliuza dozi 1,000 za LSD, dawa ya kumfanya mtu aone mauzauza, zilizolowekwa kwenye karatasi. Dawa yenyewe ilikuwa miligramu 50 hivi. Karatasi na dawa pamoja ikawa gramu 5.7. Kifungo cha lazima cha miaka 5 kilikuwa kinaanzia gramu 1, na mahakama ya juu ikasema pima na karatasi. Yaani waliingia kwenye kifungo hicho cha lazima kwa uzito wa karatasi. Sisemi wale walikuwa watumiaji, waliuza, nasema tu usimwamini mtu anayekuambia sheria imekaa vizuri kabla hujauliza wanapima nini na nani anapima.

Mzani huo huo ndo ulioleta mambo ya 1986 huko huko Marekani, gramu 5 za kokeini ya mawe zilikuwa na adhabu sawa na gramu 500 za kokeini ya unga, uwiano wa 100 kwa 1, na waliokuwa wanakamatwa na hiyo ya mawe kwa sehemu kubwa walikuwa watu weusi maskini. Ilichukua mpaka 2010 kuushusha ukawa 18 kwa 1. Bado sio sawa.

Mzee wako anasema akanyooke ndani. Namuelewa, simcheki hata kidogo, kuishi na teja nyumbani ni kuibiwa sufuria na simu na usingizi, na ni kweli wapo watu walioacha baada ya kubanwa. Lakini unga unafanya kazi mwilini kwa namna ambayo jela inaifanya iwe hatari zaidi. Mtu akitumia heroini kwa muda mwili unazoea, anahitaji nyingi ili apate alichokuwa anapata kwa kidogo, na dozi ambayo ingemuua mtu mwingine yeye anaimudu. Akikaa ndani wiki kadhaa bila kutumia, uzoefu ule wa mwili unashuka ila hamu haishuki. Anatoka, anakutana na wale wale, anatumia kipimo chake cha zamani, na kifua kinaacha kupumua. Utafiti uliofanyika jimbo la Washington na kutoka 2007 uliona wafungwa waliotoka walikuwa kwenye hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi mara 129 zaidi ya watu wa kawaida, katika wiki 2 za kwanza. Sio mwaka, wiki 2.

Na kitu kingine cha jinai ambacho hakionekani kwenye takwimu za mahakama ni hofu. Mtu kazidiwa chumbani, midomo imeshakuwa ya bluu, wenzake wanaangaliana nani apige simu, manake akija wa gari la wagonjwa huenda polisi naye akaja. Naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha heroini, inaweza kumrudisha kwa dakika chache tu kama ipo na kama kuna mtu amethubutu kuita. Wengi wanakimbia.

Kuhusu kwamba matumizi yatalipuka, hofu hiyo ni halali ila ushahidi wake ni mwembamba. Ureno haikulipuka. Ukali nao haujapunguza wateja duniani, umoja wa mataifa wenyewe kupitia ofisi yake ya dawa na uhalifu ulikadiria watu milioni 292 walitumia dawa mwaka 2022, asilimia 20 zaidi ya miaka 10 nyuma, na katika wenye matatizo ya matumizi ni kama mtu 1 kati ya 11 tu anayepata matibabu. Rais Nixon wa Marekani alitangaza dawa kuwa adui namba moja 1971, hesabu mwenyewe. Wapo watakaokutajia Singapore, heroini zaidi ya gramu 15 ni kitanzi, na ni kweli mitaa yao haina hali hiyo, ila ni nchi ya mji mmoja, mipaka michache, polisi wasio na njaa. Ukichukua kitanzi tu bila hivyo vingine unapata watu wadogo wananyongwa na mapapa wanaendelea na biashara.

Utasikia pia mbunge anasema mikataba ya kimataifa hairuhusu. Ule mkataba wa umoja wa mataifa wa 1988 kweli unataka kumiliki kwa matumizi binafsi kuwe kosa, ila unasema wazi kwamba hilo linategemea misingi ya katiba ya nchi husika, na unaruhusu matibabu mahali pa hukumu au adhabu. Ndo maana Ureno wamo ndani ya mkataba na hakuna aliyewafukuza. Mahakama ya katiba ya Afrika Kusini 2018 ilisema mtu mzima kutumia na kulima bangi kwa matumizi yake faraghani sio kosa, Ghana 2020 wakaandika sheria mpya inayompeleka mtumiaji kwenye faini badala ya jela moja kwa moja, na mwishoni mwa 2018 wakuu wa mashirika ya umoja wa mataifa walikubaliana msimamo wa pamoja unaounga mkono kuondoa jinai kwa matumizi binafsi. Kwahiyo hoja ya mikataba ni ya kujifichia tu.

Kwa wauzaji mimi sina huruma ya jumla, ila hata hapo kuna watu na watu. Mapusha wengi wadogo wanaofikishwa mahakamani ni watumiaji wanaosukuma kete 5 ili wapate ya 6 bure, mzungu wa unga, yaani tajiri wa biashara yenyewe, hajawahi hata kuishika kwa mkono. Sheria inayowapima wote kwa kifungo kimoja itajaza jela na wale ambao ni rahisi kuwakamata. Ningeacha jinai hapo lakini ningempa hakimu nafasi ya kumtazama mtu, bila kifungo cha lazima.

Ukiniuliza basi ningeandika nini kama ningepewa kalamu, ningeanza na kliniki mwaka mzima kabla ya sheria, methadoni na buprenofini ambayo nayo ni ya kutuliza arosto, hela zimeshafika na wahudumu wameshaajiriwa. Halafu kizingiti cha gramu kinachofanana na matumizi halisi ya siku kadhaa, kipimwe dawa halisi sio mchanganyiko na karatasi, na kiwe mwongozo tu, hakimu au kamati iweze kusema huyu hata kama kapitiliza kidogo ni mtumiaji. Ureno wenyewe walijikwaa hapo, 2008 mahakama yao ya juu ilisema ukizidisha siku 10 ni jinai, ikabidi 2023 wabadilishe sheria. Kutumia hadharani kubaki marufuku. Na mtu aitwe mbele ya binadamu ana kwa ana, isiwe namba ya simu.

Sasa mdogo wako, manake sheria ya kesho haimsaidii leo. Arosto ya heroini inaanza ndani ya saa 8 mpaka 12 hivi toka alipotumia mara ya mwisho na inafika kileleni siku ya 2 au ya 3, jasho, kuhara, mifupa inauma, hawezi kulala. Mtu katika hali hiyo atasaini chochote ili atoke. Kwahiyo wakili aangalie saa aliyokamatwa na saa maelezo yalipoandikwa, kama ni kesho yake usiku na ndani ya maelezo kuna neno kusambaza au kuuza, hilo lipingwe mapema kabla halijawa ushahidi. Na asikubali kwa hiari yake kosa la kuuza eti kwa sababu kaambiwa atatoka haraka, kete mbili ni kete mbili. Wajulisheni askari kwa maandishi kwamba anaumwa na anahitaji daktari, mbaki na nakala. Ulizeni kliniki ya methadoni kama wanaweza kumpokea, barua ya kwamba nafasi ipo ina uzito mkubwa mbele ya hakimu kuliko machozi ya familia, samahani kusema hivyo. Mzee akikataa kugharamia wakili, mwambieni habari ya wiki 2 za kwanza, mara nyingi hiyo ndo inawageuza. Na akitoka, iwe kwa dhamana au vyovyote, mtu mmoja nyumbani ajue kwamba kipimo chake cha zamani sasa ni sumu, yeye mwenyewe aambiwe hivyo kwa maneno hayo hayo bila kuzunguka, na kama naloksoni inapatikana iwepo.

Ombeni pia karatasi ya upimaji kutoka maabara. Muangalie kama imeandika uzito wa dawa au wa kete nzima, nani alipima na lini, na kama namba ya kielelezo inafanana na ile ya siku ya kukamatwa. Ukiipata niandikie uzito uliopo pale, hapo ndo nitaweza kukuambia kama shtaka lenyewe limekaa sawa.